Kangaga linalopanda mti: anzia shinani

Wengi wanaotaka nitambue kangaga linalopanda mti huniletea picha ya jani. Limepigwa kwa mbele, linang'aa, na chini yake swali: "Hili ni lipi?" Nami huuliza: mbona hukupiga kile kinachopanda?

Kule Amani, Usambara Mashariki, Tanzania, pilipili manga na kangaga vyaweza kukwea miti iliyo jirani kabisa, hasa pale mashamba ya viungo yanapogusana na msitu. Kuvitofautisha si kazi. Tafuta jani changa. La kangaga huzaliwa limejikunja kama mkia wa kinyonga, kisha hujikunjua polepole. Ua wala tunda usihangaike kutafuta, halina.

Sasa fuatisha kwa kidole kuelekea chini. Kwa aina nyingi, shina lenyewe ndilo linalotambaa juu ya gome, limejishikiza kwa mizizi midogo na kuvaa magamba ya hudhurungi. Lakini lipo moja linalochanganya watu. Unashika kitu chembamba kilichojisokota kwenye vijiti, ukiamini ni shina. Unakifuata mpaka kinazama ardhini, na njia nzima hukuti mzizi hata mmoja. Huo ni uti wa jani. Jani moja tu! Ncha yake haiachi kukua, hivyo linaweza kufika mita kadhaa, na shina limebaki zake udongoni. Hilo ni Lygodium. Ukitaka uhakika, angalia pembezoni mwa vipande vyake: vilivyokomaa vina vimeno vya milimita chache, ndimo vinamokaa vijimbegu, zile chembe kama vumbi ambazo kangaga huzalia badala ya mbegu. Hupenda kingo za msitu na kando ya njia, penye mwanga. Aina mojawapo, Lygodium microphyllum, asili yake ni pamoja na Afrika, lakini huko Florida, Marekani, imekuwa balaa: inafunika miti ya vinamasi na kuupandisha moto hadi vileleni.

Kazi hasa iko kwa yale yanayopanda kwa shina. Makangaga mawili ya namna hiyo, Lomariopsis na Stenochlaena, yote yana majani ya namna mbili: mapana ya kawaida, na membamba ambayo upande wa chini umefunikwa wote na vijimbegu. Bila kuliona lile jembamba, mimi sikubali kutaja jina kwa uhakika, na mara nyingi liko juu usikoweza kufika. Ndiyo maana baada ya upepo mkali mimi huzunguka miti iliyoanguka. Kilichokuwa kileleni kimeshuka chenyewe. Jani jembamba la Lomariopsis limegawanyika mara moja tu. La Stenochlaena tenuifolia limegawanyika mara mbili, vipande juu ya vipande.

Ukiwa na jani pana peke yake, pitisha kidole gumba ukingoni. Stenochlaena ina meno madogo madogo. Lomariopsis kwa kawaida ni laini au ina mawimbi kidogo. Mahali nako kunasaidia, maana Stenochlaena tenuifolia hupenda vinamasi na mabonde yenye maji, mpaka ukanda wa pwani. Lakini Lomariopsis ikiwa changa, chini kabisa ya mti, majani yake huwa mepesi, hayajagawanyika sana, na mtu anaweza kuapa ni mmea mwingine. Panda kwa macho mpaka juu ndipo useme. Darubini ndogo inatosha.

Kangaga jingine linalopanda kwa shina, Arthropteris, halisumbui: shina jembamba, kiungo kwenye kikonyo cha jani, na chini ya jani madoa ya mviringo ya vijimbegu badala ya kufunikwa lote.

Na usikate. Amani ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, sampuli inahitaji kibali. Jani lililoangushwa na upepo linatosha: ligeuze, weka sarafu ya shilingi mia kando yake, piga picha, kisha piga na shina likiwa kwenye gome.