Maswali ya Wasomaji: Mita 60 za Ruaha Mdogo

Tangu tuchapishe barua fupi ya msomaji aliyeuliza kwa nini mji wa Iringa, uliokaa juu ya mwinuko, umeupa kisogo mto unaopita chini yake, tumepokea barua nyingi kuliko tulivyozoea. Wapo wanaotaka ukingo wa Ruaha Mdogo pale Ipogolo ujengewe kuta za mawe, uwekwe taa, mikahawa na hoteli; wapo wanaotaka uachiwe wenye vinyungu, yaani mashamba madogo ya bondeni; na wapo ambao hawana upande, ila wanataka waambiwe mapema kabla nyumba zao hazijachorwa alama nyekundu. Tumechagua barua nne na kuzifupisha bila kugusa hoja zake.

SWALI: *Mimi ni mfanyabiashara wa vipuri, duka langu liko mjini kati. Nilipokwenda Seoul kufuata mzigo nilipelekwa kuona kijito kinachopita katikati ya jiji, na watu wazima na heshima zao wameketi kwenye ngazi za mawe, miguu majini. Sisi tuna mto wa kweli, tena kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia ambayo mabasi na malori hayaishi kupita. Kwa nini tusijenge hoteli na maduka palepale ukingoni, manispaa ikapata ushuru na vijana wakapata kazi?*

JIBU: Kijito ulichokiona kinaitwa Cheonggyecheon, na sifa zake ni za haki. Kilikuwa kimefunikwa, na juu yake ikapita barabara ya ghorofa. Barabara hiyo ilianza kubomolewa mwaka 2003, na mwaka 2005 wakazi wakafunguliwa njia ya kando ya maji yenye urefu wa kilomita 5.8. Lakini yapo mambo mawili ambayo mgeni wa siku moja haelezwi. La kwanza ni kwamba sehemu kubwa ya maji yale husukumwa kwa pampu kutoka mto Han, kwa kuwa kijito chenyewe hakina maji ya kutosha mwaka mzima, na pampu hizo zina bili ya umeme isiyokoma. La pili ni kwamba wachuuzi waliokuwa wakiuza kando yake walihamishiwa kwenye uwanja wa michezo wa Dongdaemun, na baada ya miaka michache uwanja huo nao ukabomolewa, wakaambiwa wahame tena. Ukisimama kwenye zile ngazi za mawe huwaoni.

Wanaopenda maduka yanayogusa maji hutaja pia San Antonio, katika jimbo la Texas nchini Marekani, ambako mikahawa imepangwa kando ya mto hatua chache kutoka kwenye maji. Anayeutaja mji huo ni vizuri ataje pia mafuriko ya mwaka 1921, yaliyoua watu na kuharibu kitovu chake. Baada ya msiba huo palijengwa bwawa la Olmos upande wa juu, ukachimbwa mfereji wa kuchepusha maji ya mafuriko yasipite kwenye kona ya mto iliyo katikati ya mji, na kazi ya njia za miguu na ngazi, aliyoipendekeza msanifu Robert Hugman mwaka 1929, ikafanyika kati ya 1939 na 1941. Kwa maneno mengine, meza za chakula ziliwekwa kando ya maji ambayo tayari yalikuwa yamefungiwa lango. Ruaha Mdogo haujafungiwa lango lolote. Mto huu unakusanya maji ya milima ya Mufindi, nasi tunayapokea yalivyo, yawe machache mwezi wa Oktoba au mengi mwezi wa Machi.

Hata hivyo hatuna haja ya kwenda mbali kiasi hicho kutafuta somo. Karakana ya mabasi ya mwendokasi jijini Dar es Salaam ilijengwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, na kila aliyefuatilia habari za mvua za miaka ya karibuni anajua jinsi mafuriko yalivyoyapata yale mabasi. Eneo lilikuwa wazi na kubwa, tena karibu na katikati ya jiji, na mtu aliyekuwa akilitafutia matumizi wakati wa kiangazi asingeona kasoro yake. Bonde la mto huonekana tupu kwa sababu mwenye nalo hayupo kwa miezi minane.

Kisha iko sheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu za binadamu, pamoja na shughuli ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito. Makatazo hayo hayachagui kati ya kibanda cha mabati na hoteli ya ghorofa tano. Ninasisitiza jambo hili kwa kuwa nimekwishasikia watu wenye elimu zao wakisema kwamba mita 60 ni za kuwaondoa watu wa chini, na kwamba mwekezaji mkubwa atapata kibali maalumu. Siku jambo hilo litakapofanyika, mjadala huu utakuwa umekwisha na hatutakuwa na neno la kumwambia mwenye kinyungu.

Je, hoteli isijengwe? Ijengwe, nyuma ya mita 60, madirisha yakitazama mtoni. Mgeni anayekunywa chai akiutazama mto kutoka mita 70 hajapunjwa chochote, na mwenye hoteli hatalala macho usiku wa mvua. Katikati ya jengo na maji pabaki njia ya miguu, ngazi za kushukia, miti, na meza za biashara zinazoondoka jioni. Na pasiwe na tiketi mlangoni. Bustani ya Forodhani kule Unguja ilifunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati mkubwa, na bado mtoto wa Mji Mkongwe huingia bure, akanunua urojo au asinunue. Ushuru unaoutaka utapatikana kwenye hoteli na maduka ya nyuma. Ukingo wenyewe ukitozwa kiingilio, wanaoishi Ipogolo ndio watakaokuwa wa kwanza kutoingia.

SWALI: *Kamwene mhariri. Mimi ni mama wa makamo, nina kinyungu karibu na mto ambacho nilikirithi kwa mama mkwe. Nalima mchicha, chainizi na mahindi ya kuchoma, na kwa hicho nimesomesha watoto watatu. Sasa vijana wanapita na kamba wanapima, wakiulizwa hawasemi. Tunasikia patakuwa bustani ya kupumzikia. Je, nitalipwa fidia, au nitaambiwa nilikuwa mvamizi?*

JIBU: Kamwene mama. Swali lako ndilo gumu kuliko yote, na nitalijibu kwa urefu.

Wasomaji wa mikoa mingine pengine hawajui kinyungu ni nini. Ni shamba dogo la bondeni linalolimwa kiangazi kwa unyevu unaobaki ardhini, wakati mashamba ya juu yamekauka. Kwa sababu hiyo mboga zake huingia sokoni wakati mboga nyingine hazipo, na mahindi yake mabichi huuzwa kwa bei nzuri. Mtu anayesema vinyungu viondolewe aeleze pia mji utakula mboga gani mwezi wa Septemba, na zitatoka wapi.

Kuhusu sheria, neno lililo muhimu kwako ni "za kudumu." Kinyungu ni cha msimu, hakina msingi wala ukuta, na hapo una hoja. Lakini sehemu ya pili ya katazo, ile inayohusu shughuli zinazoweza kuathiri ukingo, inaweza kukuangukia, na itategemea unavyolima. Ukilima mpaka maji yalipo, udongo uliotifuliwa huserereka mtoni kwa mvua za kwanza na mto ukawa na rangi ya chai ya maziwa. Na maji hayo hayaishii kwako. Mji wa Iringa wenyewe hunywa maji ya mto huu, yanayosafishwa Ndiuka, na tope likizidi, kazi ya kuyasafisha na gharama yake huzidi. Mbele zaidi Ruaha Mdogo huungana na Ruaha Mkuu na kuingia bwawa la Mtera, lenye kituo cha umeme cha megawati 80, na maji yanayotoka hapo huendelea hadi Kidatu, chenye megawati 204. Tope linalokaa bwawani halitoki kirahisi.

Kuhusu fidia, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 na kanuni zake za mwaka 2001 zinamtambua mtu mwenye haki juu ya ardhi inayotwaliwa, nazo hazihesabu thamani ya ardhi na maendelezo peke yake. Zipo pia posho ya usumbufu, posho ya usafiri inayokadiriwa kwa kusafirisha tani 12 kwa umbali usiozidi kilomita 20, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya miezi 36 kwa anayepoteza nyumba anayoishi, na faida inayopotea, nayo ya miezi 36, kwa mwenye biashara. Ninayataja haya kwa sababu watu wengi husaini fomu wakidhani fidia ni bei ya matofali.

Ila nisikudanganye, mama. Mwenye nyumba na hati yuko mahali pazuri kuliko mwenye kinyungu kisicho na karatasi, na mara nyingi mwenye mazao peke yake huambiwa avune aondoke. Kwa hiyo usingoje. Andikeni majina ninyi wenye vinyungu vya upande huo, kila mmoja na mipaka yake na miaka aliyolima, wazee wawili watatu washuhudie, na mwenyekiti wa mtaa agonge mhuri. Pigeni picha mazao yakiwa shambani. Kisha nendeni na pendekezo lenu wenyewe kabla hamjaletewa la watu: kwamba mtarudi nyuma hatua kadhaa kutoka kwenye maji, mtaacha ukanda wa nyasi na matete usioguswa jembe, hamtatumia dawa za kuulia wadudu karibu na mto, na kwamba katika hiyo bustani ya kupumzikia vinyungu viwe sehemu yake. Kwa maoni yangu, mgeni atakayetembea kwenye njia ya miguu akiona matuta ya mboga upande mmoja na mto upande wa pili, na kununua fungu la mchicha mikononi mwa aliyelilima, ameiona Iringa kuliko aliyeona nyasi za kukatwa kwa mashine na kibao cha "Usikanyage."

SWALI: *Sisi vijana tunaosha magari na pikipiki mtoni. Huo mradi ukija tutaruhusiwa kuendelea?*

JIBU: Hapana, na hata mradi usipokuja haifai. Oili na sabuni mnazomwaga zinaingia kwenye maji ambayo watu wa chini yenu wanachota. Ombeni, kwa pamoja na kwa maandishi, eneo la kuoshea karibu na barabara kuu, lenye sakafu ya zege na shimo la kukinga oili, maana malori yatakuwa palepale na wateja hamtawapoteza.

SWALI: *Naandika kutoka Mbeya. Tunasoma mjadala wenu wa Iringa kwa sababu na sisi tuna vijito vinavyoshuka kutoka mlima Loleza na kupita kati ya nyumba, na maneno ya kuvipendezesha yameanza. Tatizo letu ni vikao. Tunaitwa, tunasaini mahudhurio, tunaoneshwa picha za rangi, tunakunywa soda, na baadaye tunasikia kwamba wananchi waliridhia. Mwananchi wa kawaida afanye nini ili maneno yake yahesabike?*

JIBU: Picha za rangi zimewashinda wengi, kwa kuwa ndani yake jua huwa linawaka siku zote na mto haujai. Katika kikao cha kwanza kabisa ombeni ramani, iwe yenye mstari wa mita 60 na mstari wa mahali maji yalipofika katika mvua kubwa kuliko zote zinazokumbukwa, na juu ya ramani hiyo nyumba, njia na visima vilivyopo leo. Mstari wa pili mara nyingi haupo ofisini, bali uko kwa wazee wenu, wanaojua maji yalifika kwenye mlango wa nani na mwaka gani. Nendeni nao wakauoneshe kwa vigingi. Mkutano wa watu 40 wanaobishana juu ya kigingi hutoa maamuzi bora kuliko wa watu 300 wanaopiga makofi.

Jijini Dar es Salaam, mwaka 2018, mipango ya bonde la Msimbazi ilijadiliwa kwa vikao vya mfululizo vilivyowakutanisha wakazi, wahandisi na maofisa kwenye meza moja, na mradi uliotokana na kazi hiyo ulipata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2022. Haukukosa malalamiko, hasa ya viwango vya fidia, lakini angalau ubishi ulianzia kwenye ramani.

Kuhusu mahudhurio, dawa yake ni muhtasari. Kabla kikao hakijafungwa, ombeni muhtasari usomwe, na aliyepinga aandikwe kuwa amepinga, pamoja na sababu yake. Siku inayofuata andikeni barua ya ukurasa mmoja kwa mkurugenzi, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani, na msiondoke mapokezi kabla nakala yenu haijagongwa mhuri wa kupokelewa. Diwani mwambieni aipeleke hoja kwenye kamati ya mipango miji na mazingira, kwa kuwa hapo ndipo mambo haya hupikwa. Yakifika baraza la madiwani huwa yamekwisha kuiva. Na mradi ukiwa mkubwa kiasi cha kuhitaji tathmini ya athari kwa mazingira, wataalamu wanaoifanya wanapaswa kuwasikiliza wanaoathirika na kuyaweka maoni yao katika taarifa inayokwenda NEMC, baraza la taifa la mazingira. Waulizeni majina ya mitaa waliyoitembelea. Kama wa kwenu haumo, waandikieni kabla taarifa haijapelekwa, na ile nakala yenye mhuri iambatanisheni.