Aliyeshinda Oscar ni Sally Field, si Jessica Lange

Hapana, filamu ya mjane anayelima pamba haikumpa Jessica Lange Oscar kama mnavyosema; mmechanganya filamu mbili. Yenye mjane anayelima pamba ili benki isimnyang'anye shamba ni Places in the Heart, na ndiyo iliyompa Sally Field Oscar. Ile ya Jessica Lange ni Country. Kuchanganya ni rahisi kwa sababu zote mbili, pamoja na The River ya Sissy Spacek, zilitoka 1984, zote zinahusu familia ya wakulima inayokaribia kupoteza ardhi, na waigizaji wote watatu waligombea tuzo moja, Oscar ya mwigizaji bora wa kike, kwa filamu za mwaka huo!

Njia ya kuzitofautisha ni kuangalia zama. Ya Field iko Waxahachie, Texas, mwaka 1935, wakati wa Mdororo Mkuu wa uchumi, bei ya pamba ikiwa chini. Mwongozaji Robert Benton alikulia mji huohuo, na script yake nayo ilipata Oscar. Country iko Iowa ya miaka ya 1980: riba imepanda, thamani ya mashamba imeshuka, na anayedai deni ni wakala wa mikopo wa serikali yenyewe. Hapo hakuna mjane, mume yupo (Sam Shepard), ila anaelemewa na kuanza kulewa.

Nimezitazama zote. Binafsi naona Country inauma zaidi, maana haina zawadi ya kumwokoa mtu, kama ile ya robota la kwanza la pamba la msimu kwenye filamu ya Field. Ila kwa swali la tuzo, ni Field.