Kipepeo wa darasani amekatika bawa: nifanyeje?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa gredi ya nne huku Kayole. Tulilea viwavi tuliowatoa kwenye mndimu wa shule, na Jumatatu akatoka kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Mtoto mmoja alimshika vibaya, ncha ya bawa la mbele la kushoto ikakatika. Sasa anazunguka tu mezani. Je, bawa litapona lenyewe? Nimeambiwa naweza kulibandika kwa gundi.

JIBU: Pole, Mwalimu, na watoto uwape pole. Bawa halitapona. Kipepeo akishakomaa, bawa lake ni utando mkavu uliotandazwa juu ya mishipa migumu, mfano wa mwavuli. Halikui tena wala halizibi palipopasuka. Lakini ukingoni halina nyama, kwa hiyo mkasi unaruhusiwa.

Kabla ya mkasi, hakikisha hana baridi. Misuli ya kipepeo hairuki vizuri mpaka mwili upate joto la karibu nyuzi 30, na alfajiri ya Julai hapa Nairobi haifiki hata 15. Mweke penye jua robo saa. Nimeletewa vipepeo waliodhaniwa mahututi, kumbe walikuwa wamepoa tu.

Akizidi kuzunguka, shida ni mizani: upande wa kulia unasukuma hewa nyingi kuliko wa kushoto. Kwa ncha iliyokatika mimi sibandiki kitu, bali hupunguza ncha ya upande mzima mpaka zilingane. Najua inauma kukata bawa zima, lakini vipepeo huhimili pengo kubwa sana. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha jaribio la kuwakata vipepeo mabawa yote mawili ya nyuma. Waliendelea kuruka; walichopoteza ni wepesi wa kukata kona kumkwepa adui.

Mtie kwenye kikopo chenye kifuniko, umweke ndani ya friji dakika kama 10 (si friza!) ili atulie. Mlaze juu ya taulo, mabawa yamefumbwa, na waya wa hanga uliokunjwa umshikilie mwilini bila kumkandamiza. Hapo bawa la kushoto linalalia la kulia, nalo ndilo kipimo chako: fuata ukingo wake kwa mkasi mdogo mkali, mkato mmoja. Usiguse mabawa ya nyuma.

Gundi ina kazi yake pale bawa lilipokunjika au kupasuka katikati bila kupotea kipande. Tumia ile ya fundi wa viatu, tone dogo kwa kijiti cha meno, na ukanda wa karatasi ya kadi mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti. Ikishakauka, nyunyiza poda ya watoto ili mabawa yasigandane. Supaglu iache kabisa: inatambaa na kukauka kabla hujarekebisha. Na bawa likivunjika kwenye shina, linapoungana na mwili, hakuna mkasi wala gundi itakayomrusha.

Wa namna hiyo mtunzeni darasani. Maisha yake ni wiki chache tu hata akiwa mzima. Loweka pamba kwenye maji ya sukari, kijiko kimoja kwa vijiko kumi vya maji, umsimamishe juu yake. Kipepeo huonja kwa miguu, kwa hiyo akikanyaga utamu huo mara nyingi atakunjua mrija wake mwenyewe. Asipofanya hivyo, ukunjue taratibu kwa pini.

Yule mtoto aliyemshika asibaki akidhani ameua. Lile vumbi lililobaki vidoleni mwake ni magamba madogo, na kupoteza machache hakumdhuru kipepeo. Mfundishe kufumba mabawa yote manne pamoja na kuyashika kwa vidole viwili karibu na mwili. Kisha yeye ndiye ampeleke mndimuni, saa sita mchana jua likiwa kali, amweke kwenye jani na kumwacha aruke wakati wake.