Jitsi ndani ya Docker: wawili wanasikiana, wa tatu akiingia kimya

Mleta uzi, kama nimekuelewa, mmefunga Jitsi, programu ya vikao vya video, kwenye kompyuta ya ofisini hapo Kampala kwa vikao vya SACCO, ndani ya Docker, ile inayoendesha kila programu kwenye kisanduku chake kiitwacho kontena. Makontena manne yote yanaonyesha yako hai. Mkiwa wawili mnaonana vizuri, akiingia wa tatu sauti na picha zinakatika kwa wote. Sasa unauliza kama dawa ni kulitenga kontena la midia, yaani jvb, likae peke yake.

Tatizo hilo nimelala nalo wiki tatu nzima. Shule zilipofungwa Machi 2020 nilikuwa fundi wa bure wa kikundi cha walimu waliotaka kuendelea na watahiniwa wao wakiwa majumbani. Dalili zilikuwa hizohizo zako.

Jvb tayari liko peke yake, mkuu. Web linatoa ukurasa, prosody linapitisha ujumbe wa nani kaingia na nani katoka, jicofo linapanga kikao, na jvb ndilo linalobeba sauti na picha. Ukilihamisha leo likiwa na ugonjwa huo, litahama na ugonjwa wake.

Mkiwa wawili tu, Jitsi inaziacha kompyuta zenu ziongee moja kwa moja, jvb haliguswi. Wa tatu akibisha hodi, wote mnahamishiwa kwenye jvb. Maana yake jvb lako halijawahi kufanya kazi hata siku moja. Mimi hapo ndipo nilipopotea. Nilijiambia seva inazidiwa, nikakopa RAM ya mashine nyingine, nikaongeza, wapi.

Nilikuja kuamka siku nilipofungua chrome://webrtc-internals, ukurasa wa Chrome unaoonyesha mawasiliano ya simu za video, kwenye kivinjari cha mwalimu mmoja aliyekuwa Mbale. Katika orodha ya anwani ambazo seva ilimpa, nikakuta 172.18.0.5. Hiyo ni anwani ya ndani ya Docker, haina maana nje ya mashine yenyewe. Ni kama kumwelekeza mgeni anayetoka Mbale "niko chumba cha pili kushoto" bila kumtajia hata mtaa. Makontena mengine hayana shida hiyo kwa sababu wageni wanayafikia kupitia mlango wa web. Jvb linawapa wageni anwani yake lenyewe kwa mdomo wake, na ndani ya kontena haliijui anwani ya nje mpaka uliambie.

Unaliambia kwenye faili la mipangilio, .env:

JVB_ADVERTISE_IPS=192.168.1.10,203.0.113.25

Ya kwanza ni ya mtandao wa ofisi, kwa wale walio hapohapo, ya pili ni ya nje. Hizo ni za mfano, weka zako. Miongozo ya zamani inaitaja DOCKER_HOST_ADDRESS, ni kitu kilekile. Halafu usifanye `docker compose restart`, haisomi .env upya. Fanya `docker compose up -d` ili kontena liundwe tena. Kosa hilo lilinila mchana mzima, nikibadilisha anwani na kuona matokeo yaleyale mpaka nikaanza kushuku macho yangu.

Kisha poti 10000, mlango ambao jvb linapokelea sauti na picha, na iwe ya aina ya UDP, si TCP. Watu wengi wanafungua TCP kwenye ruta, wanaona neno "10000" limeandikwa, wanaridhika. Pima hivi: kwenye seva endesha `tcpdump -n -i any udp port 10000`, inayoonyesha pakiti za data zinazopita, mwambie mtu aingie kwa data ya simu, si kwa waifai ya ofisi, kikao kiwe na watu watatu. Mistari ya pakiti zinazoingia ikimiminika, njia iko wazi. Kukiwa hakuna inayoingia kabisa na anwani uliyoweka ni sahihi, pakiti zinafia nje, na hakuna utakachorekebisha ndani ya Docker kikasaidia.

Hapo kwenye "nje" ndipo ofisi nyingi za kwetu zinapokwama. Fungua ruta uangalie anwani yake ya upande wa intaneti. Ikianzia kati ya 100.64 na 100.127, mtoa huduma amewaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, huna mlango wa kwako. Ofisi inayotumia ruta ya 4G karibu kila mara iko hivyo. Omba anwani ya umma, uilipie, au ukodi seva. Sisi tulikodi, kwanza Frankfurt kwa kuwa bei ilikuwa nzuri. Ping, muda wa pakiti kwenda na kurudi, ilikuwa zaidi ya milisekunde 150. Uganda haina bahari, safari ya kwenda Ulaya inaanza kwa kushuka mpaka pwani, kwa hiyo mwalimu wa Ntinda na mwanafunzi wa Kawempe, wote wa hapohapo Kampala, sauti zao zilikuwa zinakwenda Ujerumani na kurudi, na kila mtu alikuwa anamkata mwenzake kauli. Tulipohamia mashine ya Kampala iliyounganishwa na UIXP, kituo chetu cha kubadilishana trafiki, ping ilishuka chini ya 10. Darasa likatulia.

Sasa swali lako lenyewe, la kulitenga. Labda ulimaanisha kulitoa kwenye mtandao wa Docker litumie mtandao wa mashine moja kwa moja, yaani `network_mode: host`. Kwa Jitsi naona si lazima, ni poti moja tu. Kwa BigBlueButton, programu nyingine ya madarasa ya mtandaoni, ningekubali haraka, maana midia yake inataka UDP 16384 mpaka 32768, na Docker ikitangaza poti moja moja inaweza kuzaa prosesi kwa kila poti. Nilishaona mashine inapiga magoti kabla hata ya mtu wa kwanza kuingia.

Ukiamua host kwa jvb, jiandae kwa mawili. Jina xmpp.meet.jitsi, ambalo jvb linalitumia kuipata prosody, halitatambulika tena, kwa hiyo itangaze poti 5222 ya prosody kwenye 127.0.0.1 na uweke XMPP_SERVER ielekee hapo. Na ufw, ukuta wa ulinzi wa Linux, itaanza kuuma. Poti zinazotangazwa na Docker huruka ufw kimyakimya, lakini kontena likiwa kwenye host sheria zinalihusu kama programu nyingine yoyote. Nilibadili usiku, asubuhi darasa la fizikia likawa bubu, kumbe sijawahi kuandika `ufw allow 10000/udp` kwa kuwa sikuwahi kuihitaji.

Ukiliwekea jvb kikomo cha RAM, angalia pia VIDEOBRIDGE_MAX_MEMORY. Java yake kwa kawaida inajiruhusu mpaka 3072m. Ukilifunga kontena kwenye 2g, kernel italichinja katikati ya kikao, na utaona limekufa na namba 137. Jibri ya kurekodi ipeleke mashine nyingine, inaendesha Chrome nzima humo ndani.

Mwisho ni bando, na kwa SACCO hili ni kubwa kuliko CPU. Jvb halifungui picha, linazipokea na kuzigawa, kwa hiyo kinachoumia ni mtandao. Watu 30 wote wakiwasha kamera ni mikondo 30 × 29, yaani 870 inayotoka kwenye seva yako. Weka channelLastN, idadi ya picha anazopokea kila mtu, iwe 4, inakuwa 120. Kwa picha ndogo ya kbps 200 hiyo ni Mbps 24 za kupandisha, ambazo nadhani ofisi yako haina. Mwanachama anayepokea picha nne hizo anakula MB 360 kwa saa. Sauti tupu ya kbps 40 ni MB 18. Mama wa Arua anayejinunulia bando la siku atakushukuru ukizima kamera zote isipokuwa ya mwenyekiti, na ikibidi hata ya mwenyekiti.

Nitumie mambo mawili: mstari wako wa JVB_ADVERTISE_IPS (futa nywila zilizo jirani yake kwanza) na tcpdump ya nusu dakika mkiwa watatu. Niko hapa jioni, umeme ukiruhusu.