Nikiogopa kusema ukweli, ina maana sina imani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Shikamoo. Mimi ni mhudumu wa ofisi, napika chai na kufanya usafi. Wiki mbili zilizopita mlinzi wa zamu ya usiku alisimamishwa kazi, ikasemekana ameiba mafuta ya jenereta. Alfajiri ile niliwahi kazini, nikaona kwa macho yangu aliyebeba madumu. Siye yeye, ni mkubwa mmoja pale ofisini. Nataka kusema lakini naogopa. Nimefunga, nimeomba, hofu haitoki. Shemasi mmoja ameniambia palipo na imani hofu haikai, nisubiri kwanza initoke. Ni kweli?

JIBU: Amina. Marahaba, mwanangu. Shemasi alitaka kukutuliza, lakini hapo sikubaliani naye. Ukisubiri mpaka hofu ikutoke, huyo mlinzi atazeeka nyumbani kwake.

Fungua Yeremia 38. Yerusalemu umezingirwa na jeshi la Babeli, mkate unakwisha mjini. Nabii Yeremia anawaambia watu kwamba atakayetoka na kujisalimisha kwa Wakaldayo, yaani hao Wababeli, ataishi. Wakuu wanamshitaki kwa mfalme Sedekia kuwa anawalegeza mikono askari waliobaki. Mfalme anajibu jibu la aibu: yumo mikononi mwenu, mimi siwezi kuwapinga ninyi. Basi wanamteremsha nabii kwa kamba katika shimo la kuhifadhia maji. Maji hayamo, kuna tope, naye anazama topeni. Damu ya nabii hawakuimwaga kwa mikono yao. Waliliachia tope na njaa.

Mjini humo walikuwamo makuhani na watu waliomjua Yeremia tangu ujana. Aliyeinuka ni Ebedmeleki, Mkushi, mtu wa nchi iliyo kusini mwa Misri, upande wa Sudan ya leo. Alikuwa towashi, mtumishi wa nyumba ya mfalme. Hata hilo jina maana yake ni "mtumishi wa mfalme" tu, kama vile wewe wanavyokuita "wa chai". Na Yeremia mwenyewe ndiye aliyewahi kuuliza, katika sura ya 13, kama Mkushi aweza kuibadili ngozi yake. Huwa natabasamu kila nikifika hapo, maana ni Mkushi aliyekuja kumtoa shimoni.

Tazama alivyofanya. Mfalme alikuwa ameketi katika lango la Benyamini, na langoni ndipo mashauri yaliposikilizwa. Ebedmeleki alitoka ikulu akamfuata hukohuko. Alisema maneno machache: watu hawa wamefanya vibaya kwa yote waliyomtenda nabii, wamemtupa shimoni, naye atakufa kwa njaa. Hakumtukana mtu, hakuongeza chumvi. Lakini alisema "wamefanya vibaya", na waliosemwa ni walewale ambao mfalme mwenyewe alikuwa akiwaogopa.

Mfalme akampa watu 30. Wa nini wote hao kumvuta mtu mmoja? Mimi nadhani ni kwa ajili ya wakuu, wasije wakamzuia, ingawa Maandiko hayasemi.

Kisha kinakuja kipande ninachokipenda kuliko vyote. Kabla ya kwenda shimoni anapitia chumba kilicho chini ya hazina, anachukua matambara, nguo kuukuu zilizochakaa. Anazishusha kwa kamba na kumwambia Yeremia aziweke makwapani, chini ya kamba, ndipo wamvute. Mtu aliyedhoofika kwa njaa, amekwama topeni, ukimvuta kwa kamba tupu utamchuna ngozi. Ebedmeleki aliliwaza hilo mapema.

Sasa turudi kwenye hofu yako. Soma sura ya 39, mstari wa 15 hadi 18. Mungu anamtuma Yeremia ampe Ebedmeleki ujumbe: mji utaangamia, lakini wewe nitakuokoa, wala hutatiwa mikononi mwa watu unaowaogopa. Umeona? Watu unaowaogopa. Mungu anajua kabisa kwamba mtu huyu ana hofu, wala hamkemei. Halafu anamwambia sababu ya kumwokoa: kwa kuwa umenitumaini mimi. Mtu yuleyule, hofu anayo na tumaini analo. Hatusomi kwamba alihubiri wala kufanya muujiza. Tunasoma kwamba alikwenda langoni, akabeba matambara.

Lakini nisikudanganye. Yeremia hakuachiwa huru siku ile. Alitolewa shimoni, akabaki kifungoni katika ua wa walinzi mpaka siku mji ulipotekwa. Na ahadi aliyopewa Ebedmeleki ni ya uhai wake, si ya cheo wala kazi. Kwa hiyo siwezi kukuahidi kwamba hutafukuzwa.

Ninachokushauri ni hiki. Andika ulichokiona: siku, saa, mahali, nani, madumu mangapi. Uliyoyasikia kwa wengine yaache. Usiyapeleke jikoni kwa wenzako wala kwenye kundi la WhatsApp. Tafuta lango lako, yaani mwenye mamlaka ya kuamua ambaye hayumo katika jambo hilo, na kama pana chama cha wafanyakazi pitia kwao. Mtu mzima unayemwamini aende nawe kama inawezekana. Kwenda na mwenzako si upungufu wa imani. Mikono ikitetemeka, itetemeke.

Na leo hii, kabla hujaandika chochote, mpigie simu huyo mlinzi. Ana wiki mbili nyumbani akiitwa mwizi. Muulize watoto wamekula nini.