Re: Wakongwe au madogo kwenye timu inayojengwa upya?
Mkuu umeuliza timu ya hoki ya barafu inayojijenga upya isajili wakongwe au iwaachie madogo nafasi, mi nasema wakongwe chukua ila wachache na mkataba uwe mfupi, mwaka mmoja au miwili basi. Cheki Chicago Blackhawks wa ligi kuu ya NHL 2023, kwenye drafti (mgao wa vipaji vipya) walimchagua dogo Connor Bedard na hapohapo wakamleta mkongwe Nick Foligno kwa mkataba wa mwaka mmoja, jamaa 2024 akawa kapteni kabisa. Shida ni ukimpa mtu wa miaka 32 mkataba wa miaka sita, anakula bajeti ya mishahara na zile dakika za pawaplei (mpinzani akiwa pungufu kwa adhabu) ambazo dogo ndo anajifunzia. Na dogo anayepewa dakika 7 tu kwa mechi bora mshushe AHL, ligi ya chini ya NHL, akacheze 20. Mabeki ndo usiwaharakishe kabisa aisee.