Kufunga biashara mbili si uzoefu bado

Ndugu, umeuliza kwa nini biashara yako ya tatu inakwama palepale zilipokwama mbili za mwanzo, wakati uzoefu unao. Uzoefu haujichambui wenyewe. Utafiti wa Gompers na wenzake uliochapishwa 2010, kuhusu kampuni za Marekani zilizopata mitaji ya wawekezaji, ulikuta waliowahi kufanikiwa wana nafasi ya takriban 30% ya kufanikiwa tena. Waliowahi kufeli hawakuwazidi sana wanaoanza. Inauma, najua.

Mimi, biashara yangu ya kwanza ilipokufa nililaumu soko. Ya pili ilipokuwa hoi ndipo nikafukua daftari la zamani: mauzo yalipanda kila mwezi, ila wateja walinilipa baada ya siku 60, na mimi nilitakiwa kulipa mzigo ndani ya siku 14. Soko halikuwa na kosa. Nilikuwa nakopesha pesa nisizokuwa nazo.

Fukua madaftari yako kabla hujaongeza mtaji. Andika uliamini nini siku ya kuanza, kisha kilichotokea kweli, umpe aliyekuwa mshirika wako asome. Peke yako utajipendelea tu. Ila angalia: kilichoua duka huenda kisiiguse kabisa kazi ya huduma.